Extreme Programming na bei ya kubadili mawazo

Miaka ya 2023 na 2024 iliwanyima usingizi watu wanaotunza programu za mishahara nchini Kenya. Julai 2023 ilikuja tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara ghafi. Novemba Mahakama Kuu ikasema tozo hiyo inakiuka Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza muda wa kuendelea kuikata. Machi rais akatia saini sheria mpya, makato yakarudi. Oktoba NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, ikaondoka na viwango vyake vya ngazi kwa ngazi, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700, ikaupisha mfuko mpya, SHIF, wa asilimia 2.75 isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Desemba sheria ya marekebisho ya kodi ikageuza hata mpangilio wa hesabu: SHIF na tozo ya nyumba zikaanza kuondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE, yaani kodi ya mapato ya mfanyakazi, kukokotolewa.

Hakuna mchambuzi, hata awe hodari vipi, ambaye angeyaandika haya yote kwenye waraka wa mahitaji mwaka 2022. Na mwisho wa mwezi haumsubiri mtu. Kwa hiyo anayeandika programu ya aina hii hana sababu ya kujipa kazi ya utabiri. La kujiuliza ni: mabadiliko yakija, yatanigharimu kiasi gani? Siku mbili au miezi miwili? Nikishayaweka nitalala, au nitakaa nikiisubiri simu ya mhasibu?

Extreme Programming, ambayo wenyewe huiita XP, ni mbinu ya kutengeneza programu iliyojengwa juu ya swali hilo. Leo inahesabiwa katika ukoo wa Agile, yaani mbinu za kutengeneza programu kidogo kidogo huku mahitaji yakibadilika, pamoja na Scrum na nyinginezo, na mara nyingi hufundishwa kama orodha: tunu tano, desturi 12. Orodha haina kosa, ila haielezi kitu. Ukiisoma hivyo unaona mambo mema yaliyopangwa tu kwenye mstari, unachukua yanayokupendeza na kuyaacha yanayochosha. Ofisi nyingi huharibikiwa hapo, kwa sababu desturi za XP zinashikana. Ondoa ile moja unayoiona nzito, na nyingine tatu zinageuka kuwa hatari.

Mbinu yenyewe ilikomaa katika mfumo wa mishahara. Kampuni ya magari ya Chrysler, katika jimbo la Michigan, Marekani, ilikuwa na mifumo kadhaa mikongwe ya kuwalipa watu wapatao 87,000, na mwaka 2000 ulikuwa unakaribia pamoja na hofu kwamba kompyuta kongwe zingekosea tarehe. Mradi wa kuikusanya mifumo hiyo kuwa mmoja uliitwa C3, ukiandikwa kwa lugha ya programu ya Smalltalk. Mwaka 1996 Kent Beck, mwandishi wa programu wa Marekani, aliitwa ili auongezee kasi. Alichokikuta kilikuwa kikubwa kuliko kasi: programu ilikuwa bado haitoi majibu sahihi. Ushauri wake ukawa kuanza upya. Ron Jeffries akaja kuwa kocha wa timu, na Mei 1997 mfumo ukaanza kuwalipa watu wapatao 10,000, wale wa mshahara wa mwezi, ukiwa umechelewa kidogo tu.

Beck hakubuni kila kitu. Alichukua mambo ambayo waandishi wazuri wa programu walikuwa wakiyafanya tayari, akayafikisha mwisho wake. Ikiwa kukagua msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mwenzako kuna faida, basi ukaguliwe muda wote unapoandikwa. Ikiwa majaribio yana faida, basi yaendeshwe kila baada ya dakika chache, na mteja naye awe na yake. Ikiwa kuunganisha kazi za watu mapema kunaokoa muda, basi ziunganishwe mara kadhaa kwa siku.

Nyuma ya hayo kulikuwa na ugomvi na fikra ya zamani. Mwaka 1981 Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alionyesha kwamba kosa la mahitaji likigundulika mfumo ukiwa tayari kazini, laweza kugharimu hadi mara 100 ya gharama ya kulirekebisha mwanzoni. Wengi wakahitimisha kwamba lazima kila kitu kifikiriwe mapema, waraka mnene uandikwe, pande zote zisaini, ndipo kazi ianze. Mchoro maarufu wa hatua zinazoshuka moja baada ya nyingine unatoka katika andiko la Winston Royce la mwaka 1970, na Royce mwenyewe alionya humohumo kwamba kuufuata hivyo ulivyo ni kujitafutia matatizo. Watu wakachukua mchoro, wakaacha onyo. Beck aliugeuza mjadala: vipi kama kupanda huko kwa gharama kunatokana na namna tunavyofanya kazi tu? Tukiandika kwa namna ambayo badiliko la mwezi wa kumi linagharimu karibu sawa na la mwezi wa kwanza, kubashiri kunakosa faida.

Jaribio kwanza

Turudi Oktoba 2024, tuwatazame waandishi wawili wa programu wakiiweka SHIF kwa njia ya XP. Hawaanzi na hesabu. Wanaandika kwanza jaribio, yaani kipande kifupi cha programu kinachosema: mfanyakazi mwenye mshahara ghafi wa 50,000, mwezi Oktoba 2024, makato ya SHIF yawe 1,375. Wanaliendesha. Linashindwa, kama walivyotaka, kwa sababu SHIF bado haimo. Sasa wanaandika mstari mmoja unaozidisha mshahara kwa 0.0275. Jaribio linapita.

La pili: mshahara wa 8,000, makato yawe 300. Linashindwa, maana asilimia 2.75 ya 8,000 ni 220. Wanaongeza sharti la kiwango cha chini. Yote mawili yanapita.

La tatu linatoka kwa yule asiyeshika kibodi: mfanyakazi yuleyule wa 50,000, lakini slipu ya Septemba 2024. Mtu anaweza kuja Novemba kudai masahihisho ya mwezi wa nyuma, na hapo makato yanatakiwa yawe 1,200 ya NHIF, si 1,375. Linashindwa vibaya, kwa sababu msimbo mpya umefuta historia. Ghafla wamegundua kwamba kila kanuni ya makato ina tarehe yake ya kuanza na ya kukoma. Hakuna aliyewaambia hilo, wala halikuwa kwenye barua ya mkurugenzi wa fedha. Limetoka kwenye jaribio la mistari minne, kabla slipu yoyote yenye kosa haijachapishwa.

Huku mhasibu naye ana majaribio yake: jedwali la mishahara ishirini na kiasi halisi ambacho kila mtu anapaswa kupokea mkononi, alilolipiga hesabu mwenyewe. Jedwali hilo linaendeshwa na programu kila siku. XP inayatenganisha majaribio ya aina hizi mbili makusudi. La mwandishi linauliza kama kipande hiki kinafanya alichokusudia. La mteja linauliza kama alichokusudia ndicho kilichohitajika. Zana ya kuendesha majaribio ya aina ya kwanza kwa lugha ya Java, JUnit, iliandikwa na Beck na Erich Gamma wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta mwaka 1997. Zana za namna hiyo leo zipo karibu kwa kila lugha ya programu.

Faida kubwa ya majaribio haya haionekani siku yanapoandikwa. Inaonekana baadaye, msimbo unapohitaji kupangwa upya. Wale wawili wakishafaulu majaribio matatu, msimbo wao unafanya kazi lakini haupendezi: masharti ya tarehe yametapakaa, na namba 0.0275 imejirudia sehemu mbili. Majaribio yote yakiwa yanapita, wanausafisha: kanuni zinapewa mahali pamoja, kila moja na tarehe zake, na baada ya kila hatua ndogo majaribio yanaendeshwa tena. Kazi ya programu haibadiliki, umbo lake tu. Fanya usafi huo bila majaribio uone. Utagusa NHIF, utaharibu NSSF, makato ya hifadhi ya jamii, na utaambiwa na wafanyakazi tarehe 28.

Hapa ndipo desturi moja inaposhikana na nyingine. XP inasisitiza usanifu rahisi: usijenge leo kitu ambacho huenda kikahitajika mwakani. Kishawishi cha Oktoba 2024 kilikuwa kikubwa. Mwandishi mwerevu angeweza kusema, "Serikali hii haitaacha kuleta makato, ngoja nijenge mtambo ambao mhasibu ataongeza tozo yoyote mwenyewe." Wiki tatu za kazi. Mtambo wa kubashiri wa namna hiyo kwa kawaida huwa hodari wa kubadili viwango, na Desemba kilichobadilika ni mpangilio: kipi kinatangulia PAYE na kipi kinafuata. Wepesi wote ungekuwa umewekwa mahali pasipohitajika.

Hata hivyo wapinzani wa XP wana hoja. Usanifu rahisi bila majaribio, na bila usafi wa mara kwa mara, ni usanifu mbovu tu uliopewa jina zuri. Nimeona timu zikisema "hatuhitaji hilo sasa" kwa miezi kadhaa mfululizo, na zilipolihitaji hapakuwa na mtu aliyethubutu kugusa msimbo.

Vivyo hivyo kuhusu kuunganisha kazi. Katika C3 kulikuwa na kompyuta moja maalumu ya kuunganishia. Waliomaliza kipande waliiendea, wakapakia mabadiliko yao, wakaendesha majaribio yote. Yakipita, kazi yao imekuwa sehemu ya mfumo. Yasipopita, warekebishe au waondoe walichopakia, maana waliotangulia waliuacha mfumo ukiwa mzima, hauna kosa. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na seva. Na kwa kuwa majaribio yanalinda kila kona, mtu yeyote kwenye timu anaruhusiwa kubadili msimbo wowote. Hakuna "moduli ya fulani" inayobaki imefungwa fulani akienda likizo. Viwango vya pamoja vya uandishi vinatoka hapohapo: kama wote wanagusa kila mahali, mnahitaji mwandiko mmoja.

Wawili kwenye kibodi moja

Desturi inayowachoma mameneja kuliko zote ni hii ya watu wawili kuketi kwenye kompyuta moja. Mishahara miwili, kibodi moja! Mmoja anaandika, mwingine anafikiria hatua inayofuata na kukagua, kisha wanabadilishana. Baada ya saa kadhaa kila mmoja anakwenda kuketi na mwingine. Mtafiti Laurie Williams na wenzake walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah mwishoni mwa miaka ya 1990. Saa za wawili zikijumlishwa zilizidi zile za mtu anayefanya peke yake kwa kama asilimia 15, si mara mbili, na programu zao zilikuwa na kasoro chache zaidi. Walikuwa wanafunzi, si waandishi wa programu wa Chrysler, kwa hiyo sitaifanya namba hiyo kuwa msahafu. Lakini kumbuka lile jaribio la tatu, la slipu ya Septemba. Lilitoka kwa aliyekuwa hana kazi ya mikono.

Kwenye ofisi zetu kuna kikwazo ambacho vitabu vya Marekani havikigusi sana. Mketishe kijana aliyetoka chuo juzi karibu na mkuu wa kitengo anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, halafu umwambie amkosoe kila dakika. Atasema "sawa mkuu" mchana kutwa. Mmoja ataandika, mwingine atatazama, na mkaguzi hayupo. Dawa ninayoijua ni kumpa mdogo kibodi na kumzuia mkubwa asiiguse kwa saa ya kwanza. Mkubwa akitaka jambo, alieleze kwa maneno mpaka lieleweke. Mdogo akiuliza "kwa nini?" kwa sababu kweli hajui aandike nini, swali hilo halina utovu wa adabu, na mara nyingi ndilo linalofichua kosa.

Hapa tunafika kwenye tunu. Mwaka 1999, katika kitabu chake kuhusu XP, Beck alizitaja nne: mawasiliano, urahisi, mrejesho na ujasiri. Ya tano, heshima, aliiongeza katika toleo la pili la kitabu chake mwaka 2004, na nadhani ndiyo ilistahili kutangulia. Heshima anayoisema ni kwamba kila mtu kwenye timu ana uzito, na kazi yenyewe ina uzito, kwa hiyo mdogo ana haki ya kusema "hii itaharibika." Ujasiri nao una sura yake ya kila siku: kufuta msimbo wa siku nzima kwa sababu mmeona njia nyepesi, au kumwambia bosi wiki ya kwanza kwamba tarehe aliyoiahidi haiwezekani. Lakini ujasiri usio na majaribio ni papara. Urahisi bila mrejesho ni uvivu. Tunu za XP zina maana pale tu zinaposhikwa na desturi zake.

Kadi, mteja na saa 40

Mipango ya XP huandikwa kwenye kadi za karatasi. Mteja anaandika kisa kifupi: "Mfanyakazi aliyeacha kazi katikati ya mwezi alipwe siku alizofanya." Waandishi wa programu wanakadiria itachukua muda gani. Mteja anachagua zipi zitangulie. Mipaka ni mikali: mteja ndiye mwenye kauli juu ya nini kifanywe na kwa mpangilio gani, waandishi ndio wenye kauli juu ya muda kitakaochukua, na hakuna upande wenye ruhusa ya kuingilia wa mwenzake. Bosi hawezi kusema "hii fanyeni kwa siku mbili." Anaweza kusema "basi iacheni, leteni ile nyingine." Kazi huenda kwa mizunguko, yaani vipindi vifupi vya wiki chache, na kiasi cha kazi ya mzunguko ujao hakikadiriwi kwa matumaini, mnachukua kile mlichomaliza mzunguko uliopita, hicho hicho.

Kadi haibebi maelezo yote, haikukusudiwa. Ni ahadi ya mazungumzo, kwa hiyo mteja lazima awepo, ikiwezekana chumba kimoja na timu. Kwenye C3 hili lilikuwa na bei yake. Mtu wa idara ya mishahara aliyekaa na timu alifanya kazi nzuri mno, akachoka mno, akaondoka. XP iliweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa waandishi, na kanuni kwamba kazi ya ziada isifanywe wiki mbili mfululizo, lakini mzigo wa kujibu kila swali la timu nzima ulimwangukia binadamu mmoja. Mbinu ilijifunza hapo. Baadaye wakaanza kusema kuwa mteja ni timu, si mtu.

Desturi nyingine iliyoonekana vizuri kwa Chrysler ni ya kuwa na picha moja ambayo wote wanaielewa. Wao walichora mshahara kama gari kwenye mstari wa kiwanda: unapita kituo baada ya kituo, kila kituo kinachukua vipuri kwenye makasha yake, mwisho inatoka hundi. Mhasibu na mwandishi wa programu wakawa na maneno yaleyale. Sehemu nyingine desturi hii haikushika sana, na toleo la pili likaiacha.

Kilichochukuliwa, kilichoachwa

Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakatoa Tamko la Agile. Beck, Jeffries na Martin Fowler walikuwemo, pamoja na Ken Schwaber na Jeff Sutherland wa Scrum. Baada ya hapo ni Scrum iliyotawala dunia, na sababu si ngumu kuiona. Scrum haisemi lolote kuhusu namna ya kuandika msimbo. Inatoa vikao, majukumu na mizunguko, vitu ambavyo meneja anaweza kuviagiza Jumatatu na kuviona vikifanyika Jumanne: watu wamesimama asubuhi kwa kikao kifupi, ubao umejaa vikaratasi. Majaribio kwanza hayaagizwi hivyo, yanachukua miezi kuzoeleka.

Mwaka 2009 Fowler alilalamika kuhusu timu zilizochukua Scrum zikaacha desturi za kiufundi. Dalili alizozieleza zinajulikana hata leo: miezi ya mwanzo kazi inakimbia, kisha inapungua mwendo, kwa sababu msimbo umekuwa mchafu na kila badiliko linavunja jingine. Timu inaendelea kusimama kila asubuhi ikiripoti kwamba imekwama palepale ilipokwama jana. Kubadilisha mahitaji kila wiki mbili bila njia nafuu ya kubadilisha msimbo ni kuongeza kasi ya kuharibu.

C3 yenyewe haikuishia vizuri. Daimler-Benz iliungana na Chrysler mwaka 1998, na Februari 2000 mradi ukasimamishwa kabla makundi mengine ya wafanyakazi hayajaingizwa. Wakosoaji hulitaja hilo kila mara. Wahusika wenyewe baadaye walieleza kwamba aliyewaambia wanachotakiwa kujenga na aliyeshika fedha hawakuwa na lengo moja. Majaribio hayatibu hilo.

Jambo hilo la fedha ndilo linaloikwamisha XP kwenye zabuni nyingi za serikali. Tangazo la zabuni linataka bei, tarehe na orodha kamili ya kazi, vyote vimefungwa kabla mstari wa kwanza haujaandikwa. Beck alihesabu vigezo vinne: gharama, muda, ubora na wigo wa kazi. Ukivifunga vitatu vingine, kinacholiwa kimyakimya ni ubora, kwa sababu mteja hauoni siku ya kukabidhiwa. Pendekezo la XP ni mkataba unaofunga gharama, muda na ubora, na kuuacha wigo ujadiliwe: watu wanne kwa miezi mitatu, programu inayofanya kazi kila wiki mbili, malipo kwa kila kipande kilichofaulu majaribio ya mteja, na mteja ana haki ya kusimamisha mwisho wa mzunguko wowote akabaki na kila alichokwisha kulipia. Ofisa ununuzi atauliza mwisho wa miezi mitatu anapata nini hasa. Jibu la haki ni kwamba anapata kadi alizozipanga juu kabisa, na kwamba zile za chini huenda wakati huo sheria itakuwa imekwisha kuzibadilisha.